Utando wa Uji

Longino alipenda uji kuliko mtu yeyote aliyewahi kuupika, lakini hakuupenda kwa kuunywa. Aliupenda kwa kuutazama. Kwa miaka tisa, kila siku ya shule, alisimama mbele ya sufuria ambayo mbuzi angeweza kulala ndani yake, mwiko mrefu mikononi, akiwapikia watoto mia tatu wa kambi ya wakimbizi kule Ngara, upande wa Tanzania. Muda wote huo macho yake yalikuwa juu ya uji. Wenzake wa jikoni walisema ana jini la sufuria. Mkewe, Anisia, alisema kama angetazamwa yeye hivyo hata siku moja kwa juma, wangekuwa na watoto kumi.

Longino hakukasirika. Hakujua kukasirika, Mwenyezi Mungu hakumpa kipaji hicho, na sasa ampe pumziko la milele. Alichompa ni furaha ya ghafla, furaha inayomshika mtu kama chafya. Ikimjia, aliacha alichokuwa akifanya na kumshika mkono yeyote aliye karibu. "Njoo uone," alisema. "Njoo uone kwanza."

Wengi waliomzika mwaka jana kwao Gishubi, Burundi, walimjua kama mpishi wa shule moja mjini Gitega, yule aliyekuwa akiwasimamisha walimu mlangoni mwa jiko na kuwaeleza habari za tumbo la dunia. Walimzoea. Ila ni wachache wanaojua kwamba yeye na mama yake walikaribia kutofika Gishubi kabisa, na kwamba kilichowafikisha ni sufuria ya uji.

Habari yenyewe ilianzia kambini, kwa mwalimu wa jiografia aliyeitwa Eliud. Siku moja mwalimu huyo alichora duara ubaoni akasema dunia si jiwe moja lililotulia. Juu kuna ganda gumu, na ganda hilo limepasuka vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba. Vingine vimebeba bara zima, vingine vimebeba bahari. Chini ya mabamba kuna mwamba wa moto unaoshuka karibu kilomita elfu tatu, na mwamba huo, ingawa ni jiwe kabisa, unatiririka. Hautiririki kama maji. Unakwenda polepole kiasi kwamba mtu huzaliwa, huzeeka na kuzikwa kabla haujasogea urefu wa nyumba. Ule wa chini ukipata joto huwa mwepesi, hupanda. Ukifika juu hupoa, huwa mzito, hushuka tena.

"Kama maharagwe yanavyochemka," Eliud alisema. "Na mabamba ni kama jani la mgomba tunalofunikia sufuria. Mchemko unakokwenda, jani nalo linakwenda."

Hapo ndipo Longino aliposhikwa. Kila mtu darasani aliwahi kuliona jani hilo likitetemeka juu ya chungu cha mama yake. Alinakili kila neno kwenye daftari lenye jalada la bluu, na kuanzia siku hiyo, hata alipomaliza shule na kupewa mwiko wa jikoni, hakuona tena uji. Aliona dunia.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 amani ilikuwa imerudi Burundi, na kambi zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Longino alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alipanda lori la kurudi na Anisia, na mama yake Kasilda, mjane mfupi, mkavu, aliyeishika rozari kama wengine wanavyoshika fimbo. Ijumaa walivuka mpaka pale Kobero. Malori ya mizigo yalikuwa yamepanga foleni, wabadilisha fedha wakipunga noti, wapagazi wakigombea magunia, na katikati ya zogo lile Kasilda alishuka, akapiga magoti barabarani, akabusu ardhi ya Burundi. Alipoinuka midomo yake ilikuwa imejaa vumbi.

"Ladha ni ile ile," alisema, akapanda tena.

Waliwekwa katika kituo cha kupokelea watu mjini Muyinga. Jumanne malori yangempeleka kila mmoja kwenye tarafa yake. Kwa akina Longino ni mkoa wa Gitega: Buraza kwa wazazi wa Anisia, ambao hakuwa amewaona kwa miaka kumi na mitano, kisha Gishubi, kwenye shamba la marehemu baba yake Longino.

Jumapili walikwenda misani. Padri alikuwa hajamaliza mahubiri ardhi ilipoguna. Sauti ilitangulia, nzito, ya chini, kama lori linalopita ndani ya ukuta. Kisha mabenchi yakaanza kutembea. Mishumaa miwili ikaanguka. Watu walikimbilia nje wakikanyagana miguu, na walipokuwa wanahesabiana uani, ilikuwa imekwisha. Pale Muyinga hakuna aliyeumia. Mchana redio ilisema kitovu cha tetemeko kilikuwa mbali, upande wa Ziwa Kivu, na kwamba kule watu wamekufa, wengine wakiwa kanisani kama wao.

Kasilda hakurudi ndani ya kanisa. Mara ya mwisho kusikia ardhi ikinguruma ilikuwa mwaka 1993, vita vilipozuka, na siku ile kabla jua halijazama alikuwa mjane anayekimbia. Alirudi kituoni, akafunga fungu lake la nguo, akaketi juu yake.

"Nchi hii inanifukuza mara ya pili," alisema. "Sitangoja ya tatu. Nyie keshokutwa pandeni lori lenu. Mimi narudi Kobero, navuka, nakwenda kukaa Kabanga kwa Klara."

Klara alikuwa rafiki yake wa kambini, muuza ndizi, aliyeolewa upande wa pili wa mpaka.

"Mama, Kabanga hatuna hata kipande cha ardhi," Longino alisema.

"Nina magoti. Nitapata pa kuyaweka."

Anisia alimvuta mumewe pembeni ya tangi la maji. "Mama akienda Kabanga, na wewe utakwenda."

Longino aligeuka kutazama lile fungu la nguo. Katika watoto wote wa Kasilda, alikuwa amebaki yeye tu.

"Sawa," Anisia alisema. "Mimi nitashuka Buraza peke yangu, niwaambie wazazi wangu mume wangu ameolewa Kabanga."

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakucheka, na Longino aliliona hilo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Anatoli, mume wa Kasilda, alizikwa haraka haraka na majirani nyuma ya nyumba, migombani, mjane wake akiwa tayari njiani. Kwa Warundi msiba haufungwi na kaburi. Unafungwa siku ya kuganduka, pale ukoo unapokusanyika kwenye boma la marehemu, pombe inanywewa kwa mirija, mzee wa ukoo anasimama na kutangaza kwamba matanga yameondolewa, walio hai warudi kuishi. Jambo hilo halifanyiki ugenini. Kwa miaka kumi na mitano Kasilda alikuwa bado ndani ya msiba. Hata kwenye harusi ya mwanawe aliketi, hakucheza. Akienda Kabanga atafia humo humo, akiwa mwombolezaji, na Longino alijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Kwa hiyo mchana ule ule alikimbilia kitu alichokijua. Aliomba sufuria ndogo ya maharagwe yaliyokuwa yakichemka, akaikatia jani la mgomba, akamwita mama yake. Watu waliokuwa wakiota moto wakasogea.

"Si Mungu anayekufukuza, mama. Ni mchemko. Tazama. Haya maharagwe ni mwamba wa moto ulio chini yetu. Jani hili ni nchi. Mchemko ukienda, nchi inakwenda."

Kasilda aliinama, akatazama jani kwa muda ambao mpishi yeyote angeuheshimu.

"Nimepika maharagwe tangu kabla baba yako hajaniona," alisema. "Jani haliendi popote. Linatetemeka pale pale, linakauka kingo, linaungua, unalitupa. Kama nchi ni jani, basi itatetemeka mpaka iungue. Umenipa sababu ya pili ya kwenda Kabanga."

Watu wakacheka. Hata Anisia alifunika mdomo.

"Na jingine," Kasilda aliendelea, kwa kuwa aliona ameshinda. "Tuseme linakwenda. Likifika ukingoni je? Sufuria ina mwisho. Linakwenda wapi?"

Miaka tisa Longino alikuwa amesimama mbele ya sufuria, na swali hilo halikuwahi kumjia. Mtu mwingine angeona haya. Yeye aliona haya, ndiyo, lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine kilichomtekenya, na usingizi wake ulikuwa wa kugeukageuka, kama mtoto anayengoja Noeli.

Jumatatu, jua lilipochomoza, alichomoa daftari la bluu kutoka katika fungu lake na kulisoma tangu mwanzo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye ukurasa wa tano, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno haya: *Bamba la baharini likizeeka hupoa na kuwa zito kuliko mwamba ulio chini yake. Huinama ukingoni, huzama, na linapozama huvuta bamba lote lililo nyuma yake. Kwa hiyo mabamba hayabebwi tu na mzunguko wa joto. Yenyewe ni sehemu ya mzunguko huo.*

Aliyasoma mara tatu. Aliyaandika mwenyewe, akayapigia mstari, akayajibia mtihani na kupata alama zote, na hakuwahi kuyasikia. Jani lilikuwa limemziba masikio. Jani halizami, kwa hiyo kichwani mwake hakuna kilichowahi kuzama.

"Utando," alisema kwa sauti.

"Nini?" Anisia aliuliza, akiwa bado na usingizi.

"Utando wa uji, Anisia. Nimeutazama miaka tisa. Kila siku nilikuwa nauvunja kwa mwiko."

Alikwenda kwa Bernadette, mama mnene aliyeongoza jiko la kituo, akaomba apike yeye uji wa asubuhi ile. Bernadette hakuhitaji kubembelezwa kupumzika. Alivuta kigoda, akakaa, na dakika kumi hazijapita akaanza kujuta. Longino alipika uji mzito wa mtama, vizuri kabisa, akawagawia watu wote. Lakini robo iliyobaki hakuiepua. Alizivuta kuni zote upande mmoja wa mafiga, upande wa pili akaacha majivu matupu. Kisha akafanya jambo lililo gumu kuliko yote kwa mpishi. Akaweka mwiko chini.

"Utaunguza nusu na nusu itaganda," Bernadette alisema. "Huko Tanzania ulifundishwa kupika na nani?"

"Na jiografia, dada."

Wakati huo akaingia Léonard. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, mfanyabiashara wa mawese kwenye soko la Muyinga, na kila Jumatatu alileta dumu la njano kituoni. Aliliweka chini, akachungulia sufuria.

"Sasa hii ni chakula ao ni dawa?"

"Ni dunia," Longino alisema.

"Bon. Mi nilikuwa nazania ni uji." Akamwona Kasilda juu ya fungu lake. "Na mama uyu, anaenda wapi?"

"Nakimbia tetemeko," Kasilda alisema.

Léonard akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mama, njo kwetu Uvira basi. Kule kama nyumba haiyatikisika mwezi muzima, batu wanaanza kuulizana kama kuko muzuri. Mi nilizaliwa siku ya tetemeko. Mama yangu anasema ni ile ilinisukuma."

"Ndiyo maana maneno yako hayatulii," Kasilda alimjibu, lakini alisogea. Alisogea kwa ajili ya kumjibu Mkongo, si kwa ajili ya uji. Ila alipofika akatazama, na akabaki akitazama.

Upande wenye moto, uji ulikuwa ukipanda polepole kutoka chini, ukifutuka kama shavu la mtoto. Pale ulipofika juu uliupasua utando, ukajitandaza, na mara ile ile ukaanza kupoa na kufanya utando mpya, laini, unaong'aa. Utando wa zamani ulisukumwa kuelekea upande wa baridi, ukizidi kuwa mnene, ukijikunja mikunjo kama shingo ya kobe. Na kule mwisho, kwenye ukingo usio na moto, ukafanya kile ambacho Longino alikuwa ameomba kwa Mungu tangu alfajiri ufanye. Ukainama. Ukakunja shingo, ukaanza kuzama kando ya sufuria, na ulipozama, utando wote uliokuwa nyuma yake ukavutika kuufuata.

Longino alimshika mama yake mkono. "Njoo uone. Njoo uone kwanza. Uliuliza linakwenda wapi likifika ukingoni. Linakwenda pale. Linazama. Baharini, mbali kutoka hapa, mabamba yanafanya hivyo leo, sasa hivi, tunavyoongea. Yamepoa, yamezeeka, yamekuwa mazito, yanarudi chini kwenye moto, yanavuta chote kilicho nyuma, na yanaukoroga moto wenyewe yakishuka. Mimi nilidhani uji unabeba utando. Mama, utando ni uji. Ni uji ule ule, ila umepoa. Hakuna mpishi mle. Kinachokoroga ni huko kupoa na kuzama."

"Na jani lako limekwenda wapi?"

Swali hilo alikuwa amelitegemea kwa hamu. Akatoa mfukoni kipande cha jani, akakiweka juu ya utando. Kilisafiri nao polepole hadi ukingoni, na utando ulipoinama kuzama, jani likabaki juu.

"Hiyo ndiyo nchi kavu. Nyepesi. Inabebwa, haizami. Mwalimu Eliud hakukosea, alisahau tu kutuonyesha kile kilicho chini ya jani."

Kisha akachukua jani kubwa zaidi akalilaza upande wenye moto. "Kwa nini mnafunika maharagwe?" akawauliza Kasilda na Bernadette.

"Joto lisitoke," wakajibu pamoja, kama wanafunzi.

"Basi bara letu linafanya hivyo hivyo. Limefunika. Joto linakusanyika chini, na mwamba wa moto unapanda."

Walingoja. Bernadette alikuwa amesahau kabisa kigoda chake. Jani lilianza kuvimba katikati, likanyanyuka, likawa kilima, na baadaye, taratibu, likapasuka kandokando ya uti wake. Mvuke ukatoka. Uji ukachungulia kwenye ufa.

"Huo ufa," Longino alisema, "ndiyo bonde. Ukijaa maji, ndiyo Tanganyika. Kivu pia. Léonard, nyumbani kwenu ni hapa, kwenye mdomo."

"Njo maana kodi ya nyumba kule iko chini," Léonard alisema.

Kasilda hakucheka. "Kwa hiyo nchi inapasuka kweli."

"Inapasuka."

"Upesi kiasi gani?"

"Mwaka mzima, pande mbili hazijaachana upana wa punje ya mtama."

Alimtazama mwanawe kuona kama anamdanganya. "Punje moja? Na jana je? Jana haikuwa punje."

"Jana ni kama mlango uliovimba kwa mvua, mama. Unausukuma, hauendi. Unausukuma, hauendi. Kisha siku moja unaachia wote kwa mara moja na unaanguka nao ndani. Miamba inang'ang'aniana miaka na miaka, huku inavutwa. Jana iliachia."

Longino akachukua maharagwe manne mabichi kutoka kwenye gunia la Bernadette. Moja akaliweka upande wa magharibi wa ufa. "Uvira." Matatu akayapanga upande wa mashariki, jirani jirani. "Gishubi. Muyinga. Na hii, mama, ni Kabanga."

Kasilda aliinama mpaka uso wake ukapata mvuke. Maharagwe matatu yalikuwa juu ya kipande kimoja cha jani.

"Ukikimbilia kwa Klara," Longino alisema, sasa kwa upole, "hujatoka popote. Gishubi ikitikiswa, Kabanga itasikia. Miaka kumi na mitano Ngara tulikuwa juu ya kipande hiki hiki. Mpaka wa Kobero uliwekwa na watu. Dunia haiujui."

"Mi peke yangu njo mgeni hapa," Léonard alisema, akiangalia haragwe lake.

Kasilda hakuwa akitazama maharagwe tena. Alikuwa akitazama ule ukingo wa baridi, ambako utando ulikuwa bado unainama na kuzama, unainama na kuzama.

"Rudia lile la kuvuta," alisema.

"Lipi, mama?"

"Ulisema kinachovuta ni kipi? Kile cha nyuma kinachosukuma?"

"Cha nyuma kinasukuma kidogo. Nguvu kubwa ni ya kile kilichokwisha kuzama. Hakionekani tena, lakini ni kizito, na chote kilichobaki juu kinakifuata."

Kasilda alizungusha punje moja ya rozari kati ya vidole, kisha nyingine.

"Anatoli ana miaka kumi na mitano huko chini," alisema. "Na mimi nikadhani ni miguu yangu iliyokuwa inataka kurudi."

Anisia, aliyekuwa amesimama nyuma yao na mtungi wa maji kichwani, aliushusha chini taratibu.

"Nipe uji," Kasilda alisema. "Wa upande usioungua."

Jumanne, dereva alipokuja kufungua lori la Gitega, alimkuta bibi mfupi ameketi tayari ndani, fungu la nguo magotini, akimuuliza kwa nini amechelewa. Walimshusha Anisia Buraza kwa siku mbili akae na wazazi wake. Mama yake mzazi alimshika uso kwa mikono miwili na kusahau kabisa kumkaribisha mkwe. Gishubi walikuta nyumba ina kuta tatu na migomba imekuwa msitu, lakini kaburi lilikuwepo. Jirani mmoja alikuwa akilipalilia miaka yote bila kumwambia mtu. Mungu anamjua kwa jina.

Majuma machache baadaye, wakiwa shambani wanapanda, ardhi ilitikisika tena kidogo. Wanawake wa mashamba ya jirani walitupa majembe na kumtaja Bikira Maria. Kasilda hakuinua hata kichwa.

"Punje ya mtama," alisema, akaendelea kufukia.

Kiangazi, mwezi wa saba, walimfanyia Anatoli kuganduka. Ukoo ulikuja, wengine kwa miguu kutoka mbali, pombe ya ndizi ikawekwa katikati, mirija ikapita. Longino, kama mwana, aliombwa aseme neno kuhusu marehemu. Alianza vizuri. Alimtaja baba yake, jembe lake, kikohozi chake, jinsi alivyopenda kuimba zaburi akikama ng'ombe. Lakini kabla watu hawajajua wamefikaje, walikuwa wamekwisha kufika chini ya bahari, bamba linainama, linazama, linavuta, na mikono ya Longino ilikuwa hewani ikionyesha ukubwa wa vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Baba yake mkubwa Sebastiani, mzee wa ukoo, alimvumilia hadi pombe ilipoanza kupata joto.

"Mwanangu, kaa chini. Anatoli amekuelewa."

Watu walicheka, Longino naye akacheka kuliko wote, akaketi. Sebastiani akasimama, akatangaza kwamba matanga yameondolewa. Ngoma ikapigwa. Na Kasilda, ambaye hakuwa amecheza tangu mwaka 1993, alivua viatu.

Longino alipata kazi ya jikoni Gitega mwaka uliofuata, akaifanya hadi ugonjwa ulipomlaza. Walimu wa shule ile walikuwa wakileta darasa zima la jiografia jikoni kwake, na alipokuwa akiwaonyesha ule utando ukiinama, hakuna mwanafunzi aliyesinzia. Watoto wake wawili, na Anisia, wanaishi Gishubi. Alizikwa nyuma ya nyumba, kando ya baba yake.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikusanyika kumfanyia naye kuganduka. Pombe ilikuwepo, mirija ilikuwepo, mzee mpya wa ukoo alisema yaliyopaswa kusemwa. Lakini Kasilda alikuwa na sharti moja, na mtu hambishii mama anayemwondolea matanga mtoto wake wa mwisho. Alitaka sufuria ya uji wa mtama iwekwe uani, kuni zote upande mmoja, na mtu yeyote asiguse mwiko.

Aliketi mbele yake kwenye kiti kifupi, rozari mkononi, mgongo umepinda. Aliungoja uji upoe juu. Aliungoja upande, upasue, usukume. Watu walikuwa wanazungumza nyuma yake, wanapokezana mirija, watoto wanakimbizana. Utando ulipofika ukingo wa baridi na kuanza kuinama, alinyoosha mkono bila kugeuka, akamshika aliyekuwa karibu.

"Njoo uone," alisema. "Njoo uone kwanza."